Vitenzi vya Mama Mrusi

Mwezi uliopita binti yangu alikuwa sebuleni na simu yangu, akitafuta mtu wa kumfafanulia vitenzi vya Kiingereza kabla ya mtihani. Simu nazo zina mambo yake. Badala ya mwalimu wa huku kwetu ikamletea video ya mwanamke mmoja mwenye miwani, amesimama mbele ya ubao, na ubaoni kuna safu tatu za Kiingereza na ya nne ya herufi ambazo binti yangu alidhani ni simu imeharibika. Akataka kumwondoa. Nikamwambia asubiri. Nikainama, nikasoma kwa sauti neno la kwanza la ile safu ya nne, kisha la pili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mama, hayo umeyajulia wapi?"

Nikamwambia, Sumbawanga. Akacheka, akidhani namtania, akarudi kwenye vitenzi vyake. Lakini wewe una nafasi, na mimi tangu siku ile sijatulia, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Nililelewa na bibi mzaa mama, katika nyumba ya tofali za kuchoma pembezoni mwa mji, pale ambapo kota za serikali zilikoma na mashamba yakaanza. Kama umewahi kufika Ufipa unaijua ile baridi ya Juni: jua linawaka kweupe lakini halipashi, upepo unapita juu ya nyasi mchana kutwa, na mtoto anakwenda shule ameficha mikono kwapani. Nyumbani tulisema Kifipa, shuleni Kiswahili, na Kiingereza tulikutana nacho ubaoni tu, mbele ya mwalimu aliyetukaririsha kwa kuimba. Go, went, gone. Eat, ate, eaten. Darasa zima tuliitikia, na ulikuwa wimbo mzuri, wenye mapigo, lakini sikujua kabisa ni wa nini. Siku moja niliuliza kwa nini kwenda tu kunahitaji maneno matatu. Mwalimu akaniambia nikae chini.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza, sikatai. Bibi alikuwa na neno lake kwa ajili yangu tunapokula: "Meza kwanza, ndipo uulize."

Basi kwenye kota ya mwisho, iliyopakana na uzio wetu wa minyaa, akahamia bwana mifugo. Alikuwa Mfipa wa Mollo, mrefu, mpole wa maneno, aliyesomea udaktari wa wanyama huko Urusi, ile Urusi kubwa ya zamani kabla haijagawanyika, na huko ndiko alikooa. Mtaa mzima tulijua anakuja na mke Mrusi, kwa hiyo watoto tulikaa barazani kumngoja mzungu wa nywele za manjano. Akashuka kwenye lori mwanamke mfupi, mwenye uso mpana na macho membamba, nywele nyeusi tii amezisuka mkia mmoja unaofika kiunoni. Tulibishana wiki nzima kama amebadilishwa njiani. Baadaye alinieleza mwenyewe kwamba kwao ni milimani, kwa watu wanaoitwa Wakirgizi, wafugaji wa farasi na kondoo, na kwamba nyumbani walisema lugha ya bibi zao na shuleni wakasema Kirusi. Mimi nilimwelewa papo hapo. Lakini mtaa ulikuwa umekwisha kuamua, akawa Mama Mrusi.

Nilianza kuingia kwake kwa sababu ya maziwa. Ng'ombe wa bibi alivimba kiwele, bwana mifugo akamtibu mpaka akapona na hakutaka chochote. Bibi hakuwa mtu wa kuachiwa wema hivihivi, akaamua kwamba kila nikitoka shule nipeleke jagi la maziwa kwenye kota ya mwisho. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akanijibu, "Shikamoo," akiinamisha kichwa kwa heshima kubwa. Nikaona aibu kwa niaba yetu wawili. Nikamweleza kwamba yeye aseme marahaba. Kesho yake alinisubiri mlangoni, na kabla sijafungua kinywa akasema, "Marahaba!"

Nyumba yake ilinukia samli na unga wa ngano uliokaangwa. Alikata donge vipande vidogo kama kidole gumba, akavitumbukiza kwenye mafuta, vikavimba na kuelea. Havikuwa na sukari. Chai yake nayo aliitia chumvi. Nilipompelekea bibi kikombe ili aonje, alimeza, kisha akauliza kwa upole kama sukari imeadimika dukani.

Kitabu nilikiona wiki ya pili. Kilikuwa chembamba, jalada la kijivu, kurasa zimelegea kwenye uzi. Ndani mlikuwa na ule wimbo wetu wa darasani, safu tatu, mstari kwa mstari, na ya nne ya herufi ngeni. Kilikuwa kitabu cha mazoezi ya vitenzi vya Kiingereza kwa watu wanaosema Kirusi. Alifunika safu kwa kiganja, akatazama dari, akajaribu kusema kilichofunikwa, akafunua, akagonga paji la uso wake kwa kukosea. Nilisimama na jagi langu. Sikuwahi kumwona mtu mzima akijifundisha kitu na kukosea waziwazi namna ile.

Akanisogezea kigoda, akanipa kitabu. "Wewe uliza," akasema.

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nilisoma safu ya kwanza, yeye akataja ya pili na ya tatu, na akipata tano mfululizo alinipa kipande cha ngano. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye safu ya nne. Nilitaka kujua yale madude yanasemaje. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na picha ya uso wa mtu, na mshale kwenye pua, na herufi tatu nilizozifahamu: H, O, C. Nikasoma nijuavyo. Alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia H yao ni N, na C yao ni S. Akanigusa pua. "Nos." Rafiki yangu, nilikwenda nyumbani nikiwa kama niliyeonyeshwa kwamba nyuma ya kabati letu kuna chumba kingine.

Kila alasiri niliongeza herufi, na kila herufi ilikuja na swali. Niligundua kwamba Mama Mrusi hakuweza kusema "is" na ndugu zake "am" na "are." Alisema, "I midwife. You girl. This book," na nikimsahihisha alishangaa ni kazi gani inafanywa na hilo neno dogo. Kwao halipo, akasema. Wanasema tu, mimi mkunga, wewe mtoto, na kila mtu anaelewa. Nikafikiri, hata sisi tukitaka tunasema hivyohivyo. Tukalikubali neno hilo kama mgeni asiye na shughuli ambaye hata hivyo lazima akaribishwe.

Akanieleza jambo jingine lililonikosesha raha kwa siku kadhaa: kwao kila kitenzi kina pacha. Mmoja ni wa kazi inayoendelea au inayorudiwarudiwa, mwingine ni wa kazi iliyofika mwisho. Kuandika tu ni neno moja, kuandika ukamaliza ni jingine. Nilipolima na bibi, tukifukia nyasi chini ya yale matuta ya mviringo ya kwetu, nilijiuliza tunalima pacha gani.

Sasa, kwa nini mtu mzima, mkunga wa kusomea, akae na mtoto wa darasa la tano akariri vitenzi? Hilo nililijua siku bwana mifugo alipokuja kumweleza bibi uani, nami nikiwa nachambua ulezi. Ili mkewe aruhusiwe kufanya kazi hospitalini ilibidi asailiwe kwa Kiingereza. Alikuwa amekwisha kwenda mara moja, wakamrudisha. Walimwuliza: mama huyu amejifungua sasa hivi, mweleze daktari hali yake. Akasema, "She lose blood." Wakamwuliza, lini? Anapoteza sasa, alipoteza jana, au amepoteza na sasa hana? Akarudia lilelile. Akaambiwa aende akajifunze, arudi baada ya miezi sita, na nafasi hiyo ya pili ingekuwa ya mwisho. Bwana mifugo alisema mkewe hakulilia kushindwa. Alilia kwa sababu wale wasaili walikuwa na haki. Mama anayepoteza damu na mama aliyepoteza damu hawahudumiwi kwa namna moja.

Baada ya hapo nilikishika kile kitabu tofauti.

Tatizo lake lilikuwa kwamba Kirusi kina jana moja tu. "I lost" na "I have lost" kwake vilikuwa kitu kimoja kilichovaa nguo mbili, na kitabu kilieleza tofauti yao kwa ukurasa mzima wa Kirusi alioujua kwa moyo na bado haukumsaidia. Mimi nisingeweza kumsaidia. Mwalimu wangu hakuwahi kutuambia lolote kuhusu "have" zaidi ya kwamba ni kuwa na kitu.

Kilichomfungulia kilikuja na mtu wa Muze. Alifika adhuhuri moja, vumbi mpaka kwenye nyusi, ametoka bondeni kwa lori la mahindi kumtafuta bwana mifugo kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wanaanguka. Alimkuta Mama Mrusi barazani na mimi na kitabu. Akasalimu, akauliza bwana mifugo yupo. Mama Mrusi akamjibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Alikwenda Muze."

Mtu yule akashusha pumzi, akakaa kwenye ngazi. Tukampa maji, tukampa chai, akainywa na chumvi yake bila neno. Akangoja. Sisi tukaendelea na vitenzi. Jua lilikuwa limeshainama bibi alipokuja kuniita, akamkuta, akamsalimu, akamwuliza anamngoja nani. Akasema anamngoja bwana mifugo. Ameambiwa alikwenda Muze, bila shaka amepumzika ndani au ametoka kidogo.

"Amekwenda Muze," bibi akasema. "Tangu jana, hajarudi. Yuko huko kwenu."

Yule bwana alisimama taratibu, akajipangusa vumbi, akatutazama mmoja mmoja. Hakugomba. Aliomba tu aonyeshwe njia ya mkato ya kufika yanakopakiwa malori. Tulisikia baadaye kwamba alimkuta bwana mifugo zizini kwake mwenyewe, amekwisha kuwachanja ng'ombe waliobaki.

Alipoondoka, Mama Mrusi alikuwa mwekundu mashavuni. Akamwomba bibi amweleze amekosea wapi. Bibi, ambaye Kiingereza alikisikia kanisani tu kwa mapadri wageni, alikaa palepale kwenye ngazi, akaweka kikombe kitupu chini. Akasema alikwenda ni habari ya kusimulia. Mtu alikwenda, mambo yakapita, huenda sasa yuko kitandani amelala. Amekwenda ni kwamba mahali pake hapa pako wazi mpaka sasa. Akakionyesha kile kikombe. "Chai ilinyweka, hiyo ni hadithi. Chai imenyweka, basi tazama, hamna kitu."

Mama Mrusi alikiinua kikombe, akachungulia ndani. Kisha akachukua penseli, na juu ya ule ukurasa wa maelezo aliokuwa ameusoma mara mia akaandika herufi mbili za Kiswahili, kubwa: ME. Pembeni yake akaandika "have." Akanigeukia.

"He went to Muze," akasema polepole. Akaigusa ile ME kwa ncha ya penseli. "He has gone to Muze."

Nami nikaona, kwa mara ya kwanza, zile safu tatu zilikuwa za nini. Nilimkimbilia bibi nikamkumbatia kiuno, naye akaniuliza nimeng'atwa na nini.

Miezi iliyofuata ilikuwa mitamu kuliko yote niliyoishi utotoni. Tulipitisha kila kitu kwenye Kiswahili kwanza. Mtoto alilia, mtoto amelia. Alipoteza damu, amepoteza damu, anapoteza damu. Nilikuwa nalala kwenye sakafu ya saruji kama mzazi, nimejifunga kanga, naye ananipima mapigo ya mkono na kumweleza daktari asiyekuwepo hali yangu kwa Kiingereza. Akikosea wakati wa kitenzi, nilikufa. Akipatia, nilifumbua macho nikadai kipande cha ngano. Shuleni mwalimu akaanza kunitazama kwa mashaka, maana nilikuwa najibu kabla hajamaliza kuuliza.

Kisha ikaja barua ya usaili. Zilibaki wiki mbili. Bibi alifurahi, bwana mifugo alifurahi, na mimi nilitabasamu. Lakini nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu yangu: akifaulu, atavaa nguo nyeupe na kwenda hospitali asubuhi na kurudi jioni, na kota ya mwisho itakuwa na kufuli mlangoni nikitoka shule. Haikuwa chuki. Nilitaka tu siku ziongezeke kidogo. Kwa hiyo Jumatatu moja, alipoingia jikoni kugeuza vipande vyake kwenye mafuta, nilikitia kitabu ndani ya gauni la shule, nikaenda nacho nyumbani, nikapanda kwenye kihenge chetu cha ulezi, nikakizamisha kwenye nafaka mpaka kiwiko.

Kesho yake nilimkuta amevuta kitanda katikati ya chumba. Ametoa vitu vyote kabatini. Akaniuliza kama nimekiona. Nikasema sijakiona. Nikamsaidia kutafuta. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya meza kwa bidii sana, na hilo ndilo jambo ambalo hadi leo likinijia naona aibu kuliko wizi wenyewe. Siku ya pili hakukaanga kitu. Alikuwa amekaa barazani anajaribu kuviandika vitenzi kutoka kichwani kwenye karatasi ya bwana mifugo ya kuandikia ng'ombe, na alipofika katikati alisimama, akaanza upya.

Siku ya tatu bibi alikwenda kuchota ulezi wa kusaga. Nilisikia ungo ukikwaruza, kisha ukakoma. Akashuka na kitabu mkononi, akakikung'uta punje zilizoingia kwenye kurasa, mojamoja, bila haraka. Sikupigwa. Hakuniuliza kwa nini. Alinishika mkono juu ya kifundo, kwa nguvu, tukavuka uzio.

Mama Mrusi alikuwa mlangoni. Alikitazama kitabu, akanitazama mimi, akaelewa yote kabla bibi hajamaliza salamu. Nilijua sasa atapiga kelele kwa lugha yake ya kwanza, ile ya milimani. Alichuchumaa badala yake, uso wake ukawa usawa wa uso wangu, akauliza kwa Kiswahili, neno moja baada ya jingine:

"Umekificha, au ulikificha?"

Nilijua ananiuliza nini. Bibi pia alijua, maana mkono wake ulilegea kidogo. Machozi yalikuwa yamenijaa mpaka sikuona mlango.

"Nilikificha," nikasema.

Mama Mrusi akasimama, akakipokea kitabu kwa bibi, akasogeza kigoda, akakifungua kwenye magoti yake, na punje moja ya ulezi ikadondoka sakafuni.

"Kaa," akasema. "Uliza."

Nikauliza mpaka sauti ikakauka. Bibi alibaki akitusikiliza, yeye aliyekuwa na ulezi unaongoja kusagwa.

Alifaulu. Alirudi na basi siku ya nne baada ya kuondoka kwenda kusailiwa, koo limekauka kwa vumbi, akapitia kwetu kabla ya kwake. Alisema walimwuliza tena juu ya mama aliyejifungua, na alipofika kwenye damu alisita, wakadhani amekwama. Kumbe alikuwa anakitafuta kikombe cha bibi. Bibi akampa uji wa ulezi, akamwambia anywe kwanza.

Ikawa kama nilivyohofia. Kota ya mwisho ilipigwa kufuli mchana, na maziwa nikawa nayaacha dirishani. Mwanzoni alinitafuta siku zake za mapumziko. Baadaye zamu zikawa nyingi, na mimi nikapata marafiki wa rika langu, ndivyo inavyokuwa. Mara moja nilitumwa hospitali kumpelekea chakula jirani aliyelazwa. Nikamwona amekaa juani kwenye benchi na wauguzi wawili, wanakula mahindi ya kuchoma, anasimulia kitu kwa haraka kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kifipa kama mtu aliyezaliwa Mollo, na wenzake wanacheka. Nilifungua mdomo kumwita. Kisha nikaona kwamba hasiti tena kabla ya kitenzi. Nilisimama nyuma ya nguzo na bakuli langu, moyo umejaa na umepungukiwa kwa pamoja, nikamwacha amalize.

Bwana mifugo alihamishiwa Chala, na walipoondoka mimi nilikuwa shule ya bweni. Bibi aliniandikishia habari hiyo kwa mkono wa katekista, mstari mmoja katikati ya habari za mvua. Wengine walisema baadaye waliendelea mbele hadi Mpanda, wengine wakasema walirudi kwao mke. Bibi naye amekwisha kufariki, sasa amelala kwao Mollo. Kota zile zimebomolewa, pamejengwa fremu za maduka ya simu na vipodozi, na uzio wa minyaa sijui uling'olewa na nani.

Mwaka juzi nilikwenda Sumbawanga msibani, nikapitia hospitali. Nikamkuta mkunga mmoja mzee anayekaribia kustaafu, nikamwamkia, nikamwuliza kama anamkumbuka. Anamkumbuka vizuri, akasema. Mama Mrusi ndiye aliyemfundisha yeye kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na mikono yake ilikuwa ya moto hata katika baridi kali. Tukazungumza sana. Nikamweleza kwamba nilimwuliza yule mama habari za farasi, za theluji, za bibi yake, za kila neno lililokuwa kwenye kile kitabu. Ndipo nikamwomba aniambie jina lake halisi, maana mimi, katika kuuliza kote kule, sikuwahi kumwuliza.

Yule mkunga akatazama mwisho wa koridoni, kama huenda jina litapita.

"Sisi tulimwita Mama Mrusi tu," akasema.

Tukabaki tumesimama pale, watu wazima wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuuliza.